Mlango Usiogongwa

Ukimwalika Habiba binti Juma kwenye nyumba ya ghorofa, hata ikiwa ni harusi, hatakaa kitini mara moja. Atakuamkia vizuri, atawaulizia watoto, kisha atakuuliza ngazi ya nyuma iko wapi. Ukimwonyesha, atashuka mwenyewe mpaka chini, polepole kwa sababu ya magoti, na atausukuma mlango kwa mkono wake. Ukifunguka, anarudi kula pilau. Usipofunguka, anashukuru na kwenda zake. Wapo wanaosema ni maringo ya uzee, na wapo wanaosema moshi ulimwingia kichwani. Waache waseme, ulimi hauna mfupa.

Alizaliwa Kaloleni, hapa hapa Kisumu, kwenye nyumba ya mabati yenye ua na kisima. Watu wa baba yake walitoka pwani na kazi ya reli. Mama yake alikuwa wa Kano, karibu na Ahero, kwenye mashamba ya mpunga. Kwa hiyo Habiba alikua na Kiswahili cha nyumbani na Kijaluo cha sokoni, na alipoolewa na Bakari, muuza vipuri vya baiskeli pale Kibuye, alidhani atazeeka palepale karibu na ardhi. Ni Bakari aliyetaka kupanda. Miaka ya themanini ilipoanza, nyumba ya ghorofa tano ilijengwa si mbali na soko, na Bakari akakodi juu kabisa.

"Huku mbu hawafiki," akamwambia mkewe. "Na upepo wa ziwa ni bure."

"Na maji?" akauliza Habiba.

Maji nayo hayakufika. Yaliishia ghorofa ya tatu, kwa hiyo miaka yote waliyoishi pale jikoni mwao kulikuwa na safu ya madumu yaliyojaa, na Habiba aliyachukia madumu yale kuliko alivyomchukia mwenye nyumba.

Nyumba yenyewe ilijengwa vizuri. Waliokuja kuiharibu ni wapangaji, kwa nia njema kabisa, kama kawaida yetu. Chini ya ngazi ya mbele palikuwa na kichumba cha mita za stima. Kwa kuwa mvua haikuingia humo, kila mtu aliweka gunia lake la makaa, na juu ya magunia yakawekwa viti vilivyovunjika na godoro ambalo halikuwa na mwenyewe. Kila ghorofa ilikuwa na ndoo nyekundu ya mchanga wa kuzimia moto. Mchanga ulikuwa wa ziwa, mwororo, unang'arisha sufuria kuliko kitu chochote cha dukani. Wanawake waliuchota kidogo kidogo, Habiba akiwa mmoja wao, mpaka ndoo zikabaki na vichungi vya sigara.

Kulikuwa pia na ngazi ya nyuma, nyembamba, iliyotoka chini mpaka juu kwenye paa wanakoanika nguo. Wezi walipoanza kupanda usiku na kuzoa mashuka, wapangaji waliitisha mkutano na kukubaliana kwa sauti moja kwamba mlango wa chini wa ngazi ile ufungwe kwa mnyororo. Habiba aliinua mkono pamoja na wengine. Ufunguo akapewa Oketch, mtunza nyumba, naye akauficha vizuri hata mwenyewe akasahau alikouficha. Hakuna aliyemuuliza. Mashuka hayakuibwa tena.

Mwaka wa themanini na tisa, wakati wa masika, Bakari akafa. Ulikuwa ugonjwa wa sukari, na kidonda cha mguu kilichokataa kupona. Alizikwa siku hiyohiyo kama ilivyo ada, na jioni Habiba akajikuta amekaa juu ya mkeka kwa nguo nyeupe, wanawake wakiingia na kutoka. Hakulia.

"Lia, dada," akasema Rehma, mke wa shemeji yake Saleh. "Lia, utapasuka."

Si kwamba alijizuia. Machozi hayakuwapo. Alijihisi kama mguu uliokaliwa muda mrefu, ambao upo mwilini lakini ukiugusa unaona si wako.

Akaanza kukaa eda. Miezi minne na siku kumi mjane hukaa nyumbani kwa mumewe, hajipambi, hajitii manukato, hatoki ila kwa dharura. Saleh, kaka yake Bakari, alikuwa mtu wa kuzidisha. Ukimwomba chumvi anakuletea gunia. Dini ilisema hivi, yeye akasema hivi na zaidi. Alishuka ngazi, akamkuta Oketch akifagia, akamwinulia kidole.

"Sikia, bwana. Ule mlango wa juu, mwanaume asiguse. Asigonge, asichungulie, hata asisimame hapo. Umenielewa?"

Oketch alikuwa mtu wa Bondo, na hakuwahi kuishi na Waislamu. Lakini kwao pia mjane ana miiko yake, na anayeivunja hupatwa na chira, maafa yanayomnyausha mtu polepole mpaka kaburini. Kwa hiyo alielewa, tena alielewa kupita kiasi. Tangu siku hiyo hakupanda ghorofa ya tano hata kufagia. Vumbi likajaa, na Habiba hakuliona.

Mlango uliopakana na wake ulikuwa wa Bilha, mwanamke kutoka Nyeri aliyeuza mitumba Kibuye. Bilha aliishi na mama yake, Wahu, ambaye nyumba nzima ilimwita Cucu, yaani bibi kwa Kikuyu. Kumbukumbu za Cucu zilikuwa zimeanza kumtoka. Siku moja alishuka ngazi peke yake, akakutwa stendi akiuliza basi la Karatina, miguu mitupu. Tangu hapo Bilha alipokwenda sokoni alimfungia kwa nje na kufuli. Si kwa ukatili. Angefanya nini, na tumbo lazima lile?

Alikuja kwa Habiba wiki ya pili ya eda, akachutama mkekani.

"Mama Safia," akasema, maana Habiba ana binti mmoja, Safia, aliyeolewa Mumias. "Wewe si huendi mahali sasa. Shika hii funguo. Nikichelewa soko, utamwangalia Cucu kidogo."

"Niwekee hapo," akasema Habiba.

"Na asubuhi umgongee ukuta tu. Akijibu, ujue ako sawa."

Habiba akaufunga ufunguo kwenye pindo la kanga. Kuanzia siku hiyo, jua likishapanda, aligonga ukuta mara tatu kwa kifundo cha kidole, na upande wa pili ukajibu mara tatu. Hakuhisi kitu alipojibiwa. Aligonga tu, kama mtu anavyofunga bomba.

Saa zilizobaki alikaa mkabala na mlango. Nyuma ya mlango huo palining'inia shati la Bakari la buluu, alilovaa dukani siku ya mwisho. Lilinuka mafuta ya mnyororo wa baiskeli na jasho, na upepo ukivuma kutoka ziwani harufu hiyo ilimfikia pale alipokaa. Hakulishika. Alikaa tu mahali ambapo ingemfikia.

Siku ya moto alikuwa ameshagonga na kujibiwa. Bilha alikuwa ameshakwenda sokoni. Habiba akasikia harufu ya kuungua, akadhani kuna mtu amesahau maharagwe jikoni. Kisha akasikia miguu, mingi, ikishuka mbio, na mtu akipiga kelele, "Mach! Mach!" Kijaluo alikijua tangu tumboni. Alijua mach ni moto.

Hakuinuka.

Ningependa kukuambia kwamba ilikuwa dini, kwamba aliogopa kuvunja eda. Watu wengi mjini walisema hivyo, na wengine wakamsifu. Yeye mwenyewe hukataa. Anasema alikaa kwa sababu hakuona sababu ya kuinuka, basi. Hakuogopa. Moshi ulianza kuingia chini ya mlango, mwembamba kwanza, na aliutazama kama anavyotazama mtu mvua ya mji mwingine. Alimsikia Oketch akipanda, akigonga milango kwa ngumi, "Tokeni! Tokeni nje!" Ghorofa ya pili. Ya tatu. Ya nne. Kisha pakawa kimya kidogo, na Habiba akajua amesimama chini ya ngazi ya mwisho, anatazama juu. Halafu hatua zikageuka, zikashuka.

Haya, akawaza. Wametoka wote.

Ndipo ukuta ulipogongwa, mara tatu.

Haikuwa saa yake, na Cucu hakuwa na tabia ya kuanza. Mkono wa Habiba ukabaki pajani. Ukuta ukagongwa tena mara tatu, na baada ya hapo hesabu ikapotea, ukawa unagongwa mfululizo kama mtu anayepigilia misumari. Habiba akashika pindo la kanga. Ufunguo ulikuwapo.

Jambo la kwanza alilolihisi tangu Bakari afe lilikuwa hasira. Tena hasira ya kijinga, kwamba hata kufa mtu haachwi afe kwa amani, lazima jirani awe na haja naye. Aliinuka akinung'unika. Akalowesha kanga mbili kwa maji ya dumu, maji yalikuwa tele, akajifunga moja puani na kufungua mlango.

Ngazi ya mbele haikuonekana. Moshi ulipanda mweusi na mzito, wenye harufu ya godoro. Akaufuata ukuta kwa kiganja, akaipata kufuli, akakosea tundu mara kadhaa, ikafunguka.

Cucu alikuwa amekaa kitandani, ngumi bado iko ukutani. Alipomwona mtu mwenye nguo nyeupe na uso uliofungwa, akajikunyata.

"Nuu?" akauliza kwa lugha yake, nani huyo?

Hawakuwahi kuonana, maana Cucu aliletwa mjini wakati Habiba yuko ndani akimuuguza Bakari, na Bilha hakuwahi kuchelewa soko. Karibu miezi miwili ya kugongeana, na hakuna aliyejua sura ya mwenzake. Cucu hakuwa na Kiswahili, Habiba hakuwa na Kikuyu. Alimvuta mkono, bibi akamng'ata. Alimwambia twende, bibi akamgeuzia mgongo. Moshi ukaingia. Habiba akainama, akagonga ubao wa kitanda kwa kifundo cha kidole, mara tatu.

Cucu akageuka na kumtazama kwa muda, halafu naye akagonga ubao mara tatu, akanyoosha mkono ashikwe.

Kupanda paani Cucu asingeweza, kwa hiyo wakashika ngazi ya nyuma kwenda chini, bibi akikaa na kujiburura kidato kwa kidato, kanga mbichi usoni. Moshi huku ulikuwa mwepesi, ila uliwafuata. Walipofika ghorofa ya tatu ndipo Habiba alipokumbuka mnyororo. Alikumbuka hata mkono wake mwenyewe ulivyoinuka mkutanoni. Alitazama juu, akatazama chini, kisha akaendelea kushuka, maana kupanda hakukuwapo tena.

Mlango wa chini ulikuwa wa bati nene. Aliusukuma, ukaachia upana wa kidole, jua likapenya, mnyororo ukakaza. Aliita. Sauti haikutoka, ilikuwa imekaa bila kazi muda mrefu, na moshi ukaimalizia. Cucu alikuwa ameegemea goti lake, anakohoa kikohozi kidogo kidogo cha mtoto. Habiba akagonga bati mara tatu. Akangoja, akagonga tena.

Yaliyokuwa yakitokea upande wa mbele alisimuliwa baadaye. Umati wote ulikuwa huko ukitazama moto. Gari la zimamoto lilikuwa bado njiani. Bilha alikuja mbio kutoka Kibuye, viatu mkononi, akamkuta Oketch akiwahakikishia watu kwamba wote wametoka.

"Na wa juu?" akauliza Bilha.

"Juu hakuna mtu. Kwako si nimeona kufuli nikitazama juu kwa ngazi?"

"Ndani ya hiyo kufuli kuna mama yangu!"

Wanasema Oketch alishika kichwa kwa mikono miwili. Akakumbuka na mlango wa pili, ule aliouogopa. Kufuli moja na mwiko mmoja, na ghorofa nzima ikawa imefutika akilini mwake. Alikimbia kuzunguka nyumba hata asijue anakwenda kufanya nini, na huko nyuma akasikia bati linagongwa.

"Mano ng'a?" akauliza. Ni nani?

Habiba akagonga.

"Ni wewe mama wa ile mlango? Mama Safia?" Kisha, Mungu amsamehe, hata pale akauliza, "Mama, niko na ruhusa nifungue?"

Hapo sauti ya Habiba ikarudi yote kwa pamoja.

"Fungua, Oketch! Fungua, mjinga wewe!"

Ufunguo haukujulikana uliko. Oketch alichukua mtaimbo kwenye gereji ya jirani na kuvunja mnyororo, na mlango ukafunguka kwa kishindo. Habiba akatoka juani kichwa wazi mbele ya nusu ya wanaume wa Kisumu, amemkumbatia bibi wa watu kama mzigo wa kuni. Bilha akampokea mama yake. Saleh alikuwa amefika. Akavua koti lake, akamfunika shemeji yake kichwa bila neno. Siku ya pili alikwenda kwa shehe kuuliza kama eda imevunjika. Shehe alimtazama sana.

"Saleh, mtu akitoka motoni huulizwa alikuwa akienda wapi?"

Hakuna aliyekufa, alhamdulillahi. Moto ulianzia kwenye kile kichumba cha mita, makaa yakaupokea, na watu wakashangaa mno, kana kwamba magunia yale yaliwekwa na majini.

Habiba alihamishiwa Manyatta, nyumbani kwa Saleh, akamalizie eda huko. Walitandika mkeka, akakaa. Watu walikuja kumsifu, akawaitikia. Ile hasira ilikuwa imeshapita na kumwacha palepale ilipomkuta. Oketch naye alikuja. Alisimama mbali uani, kofia mkononi, akazungumza na dirisha.

"Mama, nisamehe. Mimi niliogopa kugonga. Nilifika hapo kwa ngazi, miguu ikakataa."

"Najua. Nilikusikia," akasema Habiba.

"Ulinisikia? Na hukuita?"

Habiba akaanza kunyoosha ukingo wa mkeka. Oketch alikaa kidogo, akageuka, akaenda. Nadhani alijibiwa.

Nyumba ilipopoa, Saleh alikwenda kuokota vilivyosalia. Ghorofa ya tano haikuungua sana, ila moshi uliingia kila mahali. Alirudi na sufuria, msahafu, mito miwili na nguo zilizofungwa shukani. Rehma, mwenye moyo mwema kuliko sisi wote, hakutaka mjane akae na uvundo wa moto. Aliamka alfajiri akafua kila kitu kwa sabuni ya unga na buluu kidogo. Habiba alipotazama dirishani asubuhi hiyo, shati la Bakari lilikuwa kwenye kamba, safi, mikono ikining'inia, likitoa maji.

"Nimelipiga mara mbili," akasema Rehma kwa furaha. "Ile harufu yote imetoka."

"Ahsante, Rehma," akasema Habiba.

Akakaa mkekani. Jua likapanda. Saa ilipofika aliinua mkono akagonga ukuta mara tatu, kwa mazoea. Ukuta ule ulikuwa wa nje, na nyuma yake palikuwa na shamba la sukumawiki.

Bilha alikuja baada ya sala ya Ijumaa, amemshika Cucu mkono. Walikuwa wamepata chumba kwa jamaa yao Ndung'u, chini kabisa, mlango unafungukia barabarani.

"Ananisumbua huyu," akasema Bilha. "Kila asubuhi anagonga ukuta. Hakuna mtu anamjibu, anakasirika, anakataa chai. Nikaona nimlete."

Cucu aliketishwa mkekani. Alimtazama Habiba, hakumtambua. Alitazama paa, alitazama miguu yake. Kisha akainama, akagonga sakafu mara tatu, akatega sikio.

Habiba aliinua mkono amjibu, na mkono ukakwama hewani. Kitu kikamtoka kifuani ambacho yeye mwenyewe hakukijua, kilio kikubwa cha uani, cha msibani, cha siku ya kwanza. Alimlilia Bakari kwa jina. Alililia shati, akalilia madumu. Rehma alitoka jikoni mbio akidhani kumetokea msiba mwingine, Bilha akamzuia mlangoni.

"Mwache," akasema. "Wacha alie."

Cucu Wahu hakuelewa kilio kile. Aligonga sakafu tena, mara tatu, kwa sababu hakuwa amejibiwa.